Namna Nilitafuta Kikundi ya Kuacha Pombe

Jumatatu, 5 Juni
Godelive amekataa kurudi. Bibi yangu wa ndoa! Tangu Pasaka iko Beni, commune Ruwenzori, kwa dada yake Katungu, na batoto wote. Leo kwa simu alisema atarudi hapa Butembo siku nitaingia katika kikundi ya batu yenye banaacha pombe. Nikauliza inakutanaka wapi. Akasema nitafute mwenyewe, juu buvette za pombe ninajuaka kuzitafuta hata kwenye giza. Hiyo iliniumiza.

Ningeweza kuuliza Malachie, jirani yangu, seremala. Zamani tulikunywaka pamoja. Sasa ameacha, na avenue yote inamusifu. Malachie amenenepa! Malachie anaimba korali! Mimi, Gamaliel, nimuulize Malachie? Jamais.

Mupango: nitamufuata polepole bila yeye kujua.

Jumanne, 6 Juni
Kisha kula chakula ya muchana, Malachie alitoka. Koti nyeusi, viatu vya kungaa. Nikasema ndiyo hiyo! Nilimufuata mpaka Mususa. Aliingia katika nyumba moja kubwa. Na mimi niliingia, nikakaa nyuma. Viti vilipangwa pande mbili, vinaangaliana. Sura nzito kila fasi. Kweli, batu wenye mateso.

Muzee mumoja, baba Apollinaire, akauliza kama kwa upande wetu kuko mwingine mwenye neno. Nikasimama. Nikasema ninaitwa Gamaliel, pombe imenishinda, imenifukuzia bibi na batoto, lakini leo ninataka kubadilika. Nililia hata kidogo. Nilisema muzuri sana!

Hakuna mutu alipiga makofi.

Kumbe batu walikuja kuposa! Malachie alikuwa musemaji wa Eliezer, mutoto wa kaka yake. Upande wa binti waliniangalia mimi, kisha wakamuangalia Eliezer. Shangazi ya binti, mama Florentine, akauliza kama huo ugonjwa iko katika damu ya familia yote. Malachie akajibu eti hanijui. Hanijui! Tunagawanya lupango moja, kiwanja kimoja!

Baba Apollinaire, wa upande wa binti, akaongeza mbuzi juu ya mahari. Alisema ni juu ya hatari.

Jumatano, 7 Juni
Malachie alibisha mulango asubuhi. Nilishika ufagio, tayari. Mais hakunipiga. Alikaa, akaomba maji. Kisha akasema pole pole kwamba kikundi inakutanaka Alhamisi mangaribi, nyuma ya kanisa ya paroisse, na yeye atanipeleka.

Hapo nilichanganyikiwa kabisa. Mutu umemuharibia posa, atakupa vipi adresi ya kweli? Ni mutego. Hakika Eliezer atakuwa kule na fimbo.

Niliita binamu yangu Kambere kwa simu. Iko Beni. Akasema hata kule kuko kikundi, Alhamisi vilevile, katika darasa ya masomo ya Waprotestanti, karibu na kwa Katungu. Formidable! Godelive ataniona kwa macho yake, na Malachie atanigojea bure. Nilicheka peke yangu.

Alhamisi, 8 Juni
Beni. Vumbi, joto. Darasa ya batoto wadogo, magoti yangu yaligusa kidevu. Mama mumoja, Victoire, alisimama. Akaeleza namna alikunywaka mpaka siku moja mutoto wake alikuwa na homa, akamuita, akamuita, na yeye hakusikia. Hakulia wakati wa kusema. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Ilinipotea.

Zamu yangu ilipofika nilisema tu: Gamaliel, wa Butembo.

Wote wakageuka. Muzee mumoja akauliza, “Ni wewe ulifichaka chupa ndani ya mufuko ya maharagi?” Mwingine: “Si ndiye alienda kwa matanga ya mutu mwenye alikuwa mzima?”

Nikauliza nani aliwaambia. Mulango ukafunguka. Godelive, na termosi ya chai mukononi! Akaenda kukaa kwa upande wa familia za wenye kuacha pombe, kama mutu mwenye kuzoea kiti yake. Hakucheka. Alinipa kikombe.

Akasema, “Nilifikiri utatuma mutu mwingine kwa fasi yako.” Kisha: “Urudi hapa Alhamisi ijayo. Hapo tutaongea.”

Hiyo ni ndiyo ao hapana? Nilimuuliza mama Victoire kwa mulango. Akasema Godelive anakujaka kujifunza namna ya kuishi na mimi, ao namna ya kuishi bila mimi. Bado hajachagua.

Ijumaa, 9 Juni
Nimerudi Butembo. Batu wanasema jana Malachie alinigojea kwa paroisse mpaka mwisho, akanilindia kiti. Mutu wa ajabu. Simuelewi.

Nimefikiri njiani. Vikundi hizi ziko na kasoro. Hakuna président. Madawati iko chini sana. Na zaidi, zimejificha! Kama mutu mwenye akili kama mimi ameteseka hivi kuzitafuta, wengine je? Donc nimeanzisha yangu. Président: mimi. Fasi: buvette ya Mbusa, juu batu wenyewe wako kule. Mutu mwenye kukaa pale mikono mitupu hakuna atamusikiliza, kwa hiyo nitaagiza chupa moja, ndogo, ya kazi.

Mbusa amekubali. Siku yenye buvette inajaaka ni Alhamisi, basi tumeweka Alhamisi. Godelive atafahamu: président hawezi kukosa mukutano yake mwenyewe.