Wanahisa wa Nyamizi

Bujiku Masalu,
Kupitia sanduku la barua la parokia,
Ushirombo.

Kwa Mkuu wa Chuo cha Uuguzi.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU HISA ZETU KATIKA MWANAFUNZI NYAMIZI BUJIKU, MWAKA WA PILI

Ndugu Mkuu wa Chuo, shikamoo. Endapo hujafikisha miaka sitini na mmoja, naomba unirudishie.

Naandika kwa heshima nikiwa baba mzazi wa Nyamizi, na pia mwenyekiti wa wanahisa wake. Huenda huko chuoni mnadhani binti huyu ana wazazi tu. Sisi tunaishi jirani na machimbo na tunajua duara, yaani shimo la dhahabu, linavyochimbwa: mwenye uwezo anawalisha wachimbaji miezi yote wanayoutafuta mwamba, na mawe yakitoka anachukua mgawo wake. Nyamizi alipochaguliwa kusomea astashahada ya uuguzi na ukunga, ukoo ulikaa ukakubaliana kumsomesha kwa utaratibu huohuo. Mimi nilitoa ng'ombe saba, nikapewa asilimia sitini ya mshahara wake. Shangazi yake Mageni alitoa mbuzi watatu, akapewa ishirini. Baba yake mdogo, Enock, alitoa godoro na ushauri, akachukua thelathini. Mjomba Benjamini, aliyesema ataleta, alipewa ishirini na tano ili alete. Tulipojumlisha tukakuta Nyamizi amegawanywa asilimia mia moja na thelathini na tano, na mwenyewe hajabakiwa na hata moja. Hilo tutalirekebisha wenyewe. Yanayokuhusu wewe ni haya:

1. Gharama. Fomu yenu ilitaja ada, tukaridhika. Haikusema kwamba muuguzi huvaa. Sare, soksi, kipimo cha kusikilizia moyo, saa ya kubandika kifuani ilhali mikono anayo, na viatu vyeupe, katika vumbi hili la Ushirombo! Ng'ombe mzima, mweusi mwenye baka usoni, tena mwenye mimba, ameishia kwenye viatu na soksi.

2. Sampuli. Duara likifika mita thelathini unapeleka mawe kidogo kwenye karasha, yanasagwa, unaona kama kuna kitu. Baada ya miezi kumi na minane tuliomba sampuli, matroni wenu akatupa karatasi ya matokeo. Enock aliipeleka kwa mnunuzi wa dhahabu mjini Geita. Yule bwana aliisoma pande zote mbili, akatupongeza, akasema mizani yake haina uwezo huo.

3. Maadili. Likizo ya Desemba uani kwangu palijaa watu wa vijiji vitatu. Nyamizi anapima presha, anasafisha vidonda, anawakaripia wajawazito wasiokwenda kliniki. Mama Hosiana alikuja kupimwa Jumatatu akaondoka Alhamisi, na ugali alikula kwangu. Mapato: sifuri. Nilipendekeza shilingi mia mbili tu kwa kila mkono, nikajibiwa kwamba maadili ya kazi hayaruhusu. Nani aliyaingiza hayo maadili kwenye mtaala? Na je, hayawezi kuwa somo la hiari?

4. Mapato yenyewe. Tunasikia wahitimu wengine hukaa zahanati mwaka mzima wakijitolea. Kujitolea hakukuwa kwenye fomu. Tumepiga hesabu: hata akiajiriwa siku ya mahafali, ng'ombe watarudi baada ya miaka sita, kwa sharti kwamba asile, asipange chumba na asiugue. Tukimruhusu kula mara moja kwa siku, ni miaka tisa. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Jua tumelipata la kutosha, kivuli bado hatujakiona.

5. Hili ndilo limetumaliza nguvu. Mimi nina hisa pia katika duara la ndugu Ignas, kule Nyarugusu. Nyamizi alinisindikiza mara moja tu, akawakuta vijana wakikamatisha dhahabu, yaani kuinasa kutoka kwenye mchanga kwa zebaki, mikono mitupu. Akawakalisha chini, akawafundisha saa mbili. Tangu siku hiyo wanadai glavu, mabuti na sabuni, na wanadai kwangu. Yaani mtaji wangu mmoja umeanza kuula mwingine, na aliyeufundisha kula ni wewe.

Kwa hiyo tunaomba mturudishie ng'ombe saba na mbuzi watatu, wote wakiwa hai, na mmoja wa ng'ombe awe na mimba. Godoro la Enock mnaweza kubaki nalo. Ada ya muhula wa mwisho, ambayo mmesema bila hiyo hataingia kwenye mtihani wa mwezi ujao, hatutalipa. Fedha hizo zitakwenda kwa Ignas, ambaye amebakiza siku mbili kuufikia mwamba. Amebakiza siku mbili tangu Machi mwaka jana, na sisi tunapenda mtu mwenye msimamo.

Tusalimie walimu wote, matroni, wapishi, na yule mlinzi wa getini aliyemzuia mbuzi wetu siku ya wazazi eti hana kitambulisho. Hatuna kinyongo naye.

Ni sisi tunaokuheshimu huku tukisubiri mifugo yetu,

Bujiku Masalu,
Mwenyekiti, kwa niaba ya wanahisa wote.

Tanbihi: Wanahisa wamesomewa barua hii, wamepiga makofi, wamekwenda zao. Haya naandika peke yangu. Ada nimelipa Jumatatu. Risiti imo ndani ya bahasha. Nimemuuzia Enock hisa yangu ya duara, na amefurahi sana. Nyamizi asiambiwe lolote kuhusu asilimia, afanye mtihani wake kwa amani. Ile Desemba, watu walipokwisha, aliuchukua na mkono wangu. Akapima, akapima tena, akalia. Kesho yake akanipeleka hospitali mwenyewe. Sasa nina vidonge vya kila siku. Hapa nyumbani nimesema ni peremende za kikohozi. Saa moja jioni hunipigia simu kuniuliza kama nimemeza. Namjibu kwa ukali kwamba asinisumbue, asome. Lakini kuanzia saa kumi na mbili huwa sifanyi kazi nyingine yoyote, nimekaa tu nimeishika simu.