Kipande cha Vifundo 1,152

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Kimepotea! Kipande changu cha blanketi, uzi wa bluu, mistari 24, vifundo 1,152. Kimepotea leo kati ya saa tisa na robo na saa kumi kasoro dakika tano alasiri, sebuleni kwa mama mkwe.

Nitulie. Niandike kwa mpangilio.

Tuko kumi na wawili, wapenzi wa bendi moja. Kila Jumamosi tunakusanyika kwa mama mkwe, tunaweka santuri, tunafuma. Kila mtu ana wimbo wake na kipande chake. Sheria ametunga mama mkwe: mapigo manne ya ngoma, kifundo kimoja. Wimbo ukiisha, kulabu chini. Ukikosea hufumui, kwa sababu bendi nayo ikikosea jukwaani hairudi nyuma. Wimbo wangu ndio mrefu kuliko zote, dakika kumi na mbili. Vifundo 288 kwa Jumamosi, Jumamosi nne. Hesabu yangu haina kasoro hata ya kifundo kimoja.

Blanketi anakabidhiwa Dada, mwimbaji wa bendi yetu, kwenye onyesho lake la kurudi, Jumapili tarehe 15. Amekaa kimya miaka miwili tangu apasuliwe koo. Wanaopanda jukwaani kumkabidhi ni watatu: mama mkwe, na wawili wenye nyimbo ndefu. Yaani mimi ni mmoja wao. Lakini asiye na kipande hapandi. Sheria hiyo nayo ni ya mama mkwe.

Spika ya kwanza niliyoitengeneza kwa mikono yangu, bila kufundishwa na mtu, sauti ya kwanza iliyotoka ndani yake ilikuwa ya Dada, katika wimbo huu huu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na bisibisi moja ya kuazima. Leo nina duka. Sitaki kukosa kupanda.

Nani kachukua? Leo hakukutokea jambo la ajabu. Spika ya mama mkwe ilianza kukoroma katikati ya wimbo, wote wakanitazama kwa kuwa mimi ndiye fundi, nikachukua kitambaa kilichokuwa pajani nikakisokomeza kwenye tundu la nyuma. Sekunde nne. Ikanyamaza. Hakuna aliyesema hata asante. Baada ya hapo ndipo nikaona kipande hakipo.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Nimepekua nyumba nzima. Chini ya kitanda, ndani ya pipa la unga, nyuma ya friji. Hakuna.

Mke wangu alikuwa anafua. Akatoa kitambaa changu cha kazi kwenye mfuko wa suruali ya jana, akauliza nitaacha lini kumfulisha grisi. Nikamwambia nina matatizo makubwa kuliko grisi. Nikamweleza. Akasema mwambie mama ukweli, atakusema dakika mbili, yataisha.

Dakika mbili! Huyu ni binti yake, hajui anavyotisha. Mama mkwe amekuwa mkunga miaka thelathini na moja. Akikusalimia hakupi mkono, anakushika pale kwenye mshipa na kuangalia saa. Ananiuliza habari za nyumbani huku anahesabu mapigo yangu. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimwambia nimeacha sigara. Akaniachia mkono, akasema, "Mia moja na kumi na nane, mwanangu." Basi.

Sisemi kitu. Nitamtafuta mwizi mwenyewe.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Mshukiwa ni mmoja. Dereva wa gari la maiti la hospitali. Tunamwita Taratibu kwa sababu hajawahi kuzidisha kilomita thelathini kwa saa, hata gari likiwa tupu. Wimbo wake ni wa pili kwa urefu. Ni mfupi kuliko wangu kwa sekunde arobaini, na sekunde hizo hajanisamehe. Mimi nikitoka, yeye ndiye wa kwanza. Ushahidi gani tena?

Mpango: niende kwenye maegesho ya hospitali saa nne, yeye akiwa anakunywa chai, nipekue gari.

Nilikwenda. Mbele hakukuwa na kitu isipokuwa mfuko wake wa kufumia. Nikaufungua. Kipande chake cha kijani, kimekunjwa vizuri. Changu hamna. Nikaingia nyuma. Mahali pale panatisha jamani! Hakuna dirisha, hakuna kiti, kuna reli mbili za chuma tu. Nikapiga magoti kupapasa chini ya reli. Nikasikia hatua. Nikalala. Mlango ukafungwa kwa nje. Gari likawaka.

Sijawahi kuogopa hivyo. Nililala chali mahali ambapo kila aliyelala kabla yangu hakuamka. Taratibu akafungulia wimbo wake, akaanza kuimba. Kisha akapunguza sauti, akaanza kufanya mazoezi ya maneno ya jukwaani. Alisema, "Dada, kila nikishusha mtu narudi na gari tupu. Naufungulia wimbo wako ili nisirudi peke yangu." Akayarudia mara tatu, kila mara sauti inamkatika mahali pale pale.

Nilikaribia kumhurumia. Lakini hewa ilikuwa inakwisha. Nikagonga ubao unaotutenganisha. Mara mbili tu, kwa adabu.

Wimbo ukazimika. Nikagonga tena.

Mlango wa mbele ukafunguka gari likiwa bado linakwenda. Taratibu alishuka mbio, na nakubali kwamba leo jina lake halikumfaa. Gari likapanda ukingo wa barabara polepole na kusimama kwenye tanuri la muuza matofali, ashukuriwe Mungu lilikuwa baridi. Watu wakajaa. Mwenye ujasiri mmoja akafungua mlango wa nyuma. Nikatoka nikasema habari zenu. Hakubaki mtu. Mama mmoja aliacha ndoo na kiatu.

Taratibu alikuwa amekumbatia nguzo ya umeme. Akaniuliza, "Fundi, umekufa lini?"

Nikamwambia nilikuwa nakagua spika za nyuma. Akafikiri kidogo, bado ameshika nguzo. Akasema gari lile halina spika za nyuma, abiria wake hawaulizi muziki.

Hajaniamini. Sasa ninaye adui kamili.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Mpango mpya, wa kisayansi. Nifume kingine. Wimbo ninao dukani, uzi wa bluu umebaki, dakika 48 tu. Nimefunga mlango, nimebandika karatasi kwamba nimekwenda kuzika. Baada ya jana mtaa mzima utaamini.

Nimefuma mara nne mfululizo bila kunyanyua kichwa. Kila aliyepita nje nilidhani ni mama mkwe. Mtu alikohoa, nikajikunja chini ya meza nikiwa nafuma, kwa sababu wimbo hausubiri. Vifundo 1,152 kamili. Nimehesabu mara mbili.

Kisha nikapima. Cha kwanza kilikuwa sentimita 36 kwa 24. Hiki ni 22 kwa 15.

Nimepima tena. Nimebadilisha rula. Kulabu ile ile, uzi ule ule, wimbo ule ule! Nimemuuliza mke wangu, yeye ndiye aliyenifundisha kufuma. Akakivuta kidogo, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema mkono wenye hofu unakaza uzi. Akasema kipande hiki unaweza kukitumia kutekea maji yasivuje.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Nimekilowanisha, nimekitundika kwenye kamba, nimekifunga sumaku nne za spika kwa chini. Jumla kilo sita. Baada ya saa tano kimerefuka sentimita moja. Kamba imekatika. Sumaku moja imeangukia kidole cha mguu.

Mke wangu anasema bado kuna muda wa kumwambia mama. Nimemwambia mwanamume hajengi duka kutoka bisibisi moja ili aje kuungama kama mtoto. Akasema haya, baba. Nachukia akisema "haya, baba" kwa sauti ile.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Mama mkwe amekuja dukani. Bila taarifa! Nilikuwa nimekalia kipande. Nikasimama kwa heshima, nikakumbuka, nikakaa tena. Nikasimama nusu. Akasema anasikia nilipata safari Jumanne. Kisha akanishika mkono pale pale kwenye mshipa, akaangalia saa. Nikajaribu kufikiria mambo ya baridi.

Akasema, "Mia na thelathini na mbili. Mwanangu, una jambo la kuniambia?"

Nilifungua kinywa. Naapa nilikuwa naanza kusema. Kilichotoka ni kwamba spika yake inahitaji kusafishwa.

Akasema hata yeye ameona. Tangu Jumamosi inasikika kama mtu anayeimba amejifunika shuka. Akaniambia kesho nije mapema. Akaondoka. Shati langu lilikuwa limelowa mpaka kwenye mkanda.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Siku ya kuunganisha. Vipande kumi na kimoja vimetandazwa mezani, na katikati nafasi ya bluu imeachwa wazi. Nilitaka kukimbia. Nikakiweka.

Kikaonekana kama leso kwenye uwanja wa mpira.

Mama mkwe akavaa miwani. Akakibinya, akakigeuza. Akasema, "Hiki ni mtoto njiti."

Wote wakaangua kicheko. Taratibu akauliza kama tukitafutie chumba cha joto. Lakini mama mkwe hakucheka. Akahesabu mistari, 24. Akahesabu mstari mmoja, 48. Akasema hesabu imetimia, mtoto ni mdogo lakini yuko hai, ataongeza ukingo mweusi na kitakaa. Akasema nitapanda.

Nitapanda! Ingeishia hapo. Lakini uso wa Taratibu ulikuwa na tabasamu lililonichoma. Nikasema hapana, nataka kila mtu ajue kipande hiki ni halali, tuufungulie wimbo tuhesabu wote. Nikawasha mashine mwenyewe.

Sauti ikatoka imejifunika shuka. Taratibu akasema kuna kitu ndani ya spika. Kabla sijamzuia akaingiza mkono kwenye tundu la nyuma, akavuta. Ikatoka bluu. Ikaendelea kutoka. Sentimita 36 kwa 24, vumbi tupu.

Nikapiga kelele. Mwizi! Nilijua! Kuna mtu alikificha ndani ya spika ili nisipande!

Wenzangu wote kumi na mmoja walinitazama, wamepanga macho kama siku ya kupiga picha. Mama mkwe akauliza kwa upole nani aligusa spika Jumamosi iliyopita. Nikamjibu ni mimi peke yangu, kwa kuitengeneza, na niliiziba kwa kitambaa changu, kwa hiyo mwizi alikuja baada yangu. Mke wangu, aliyekuja kusaidia kuunganisha, akasema kitambaa changu kilikuwa mfukoni, alikifua. Nikamwambia nina vitambaa vingi.

Mama mkwe akanishika mkono. Akasema anataka neno moja tu, na nikilisema nitapanda kesho, na hatutalizungumza tena. Neno lenyewe ni "mimi".

Nikaangalia saa ukutani. Nikaangalia Taratibu. Nikasema nataka uchunguzi ufanyike.

Akaniachia mkono. Akamwambia mke wangu apande badala yangu.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Onyesho lilikuwa saa tisa. Nilikaa safu ya kumi na nne, nyuma ya nguzo.

Dada alitoka amekonda. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Ukumbi mzima ukashika pumzi, na mimi nikashika kiti cha mbele yangu. Kama sauti haitatoka? Mapigo manne ya ngoma. Mapigo manne tena. Kisha ikatoka, nyembamba, imekwaruza kidogo, lakini ni yenyewe. Wimbo wangu. Nikajikuta natikisa vidole vitupu, kifundo, kifundo, kifundo.

Walipompa blanketi, kipande changu kile kikubwa kilikuwa katikati. Mama mkwe akampa pia kile njiti, peke yake. Dada akakitazama, akakiweka shingoni juu ya kovu lake. Kikalifunika kama kimepimwa. Akauliza ni nani aliyekifuma hiki, asimame amwone.

Mke wangu akaanza kutafuta kwenye viti kwa macho. Taratibu naye, kwa haki, akanyoosha kidole upande wangu. Mia nane wakageuka.

Nilipiga hesabu haraka. Nikisimama, nakubali kwamba nilifuma viwili. Nikikubali viwili, nitaulizwa kwa nini. Nikainama kufunga kamba za kiatu.

Nilikuwa nimevaa ndala.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Mke wangu haongei nami, ila amesema Dada alisubiri muda mrefu.

Asubuhi nilikwenda kwa mama mkwe kuomba yaishe. Nilibeba kofia niliyoanza kumfumia, uzi mwekundu, mistari tisa, vifundo 540, ili aone nia yangu. Aliweka santuri, akaenda jikoni kuchemsha maji. Spika ikaanza kukoroma tena, maana walikitoa kile kizibo. Sikutaka akute kelele. Nikaiziba na kitu kilichokuwa pajani. Sekunde tatu, haraka kuliko mara ya kwanza.

Akarudi. Nikanyoosha mkono nimpe kofia. Kofia haipo!

Mara ya pili! Nyumba ile ile! Safari hii Taratibu hakuwepo, kwa hiyo mambo ni mazito kuliko nilivyodhani. Tulikuwa wawili tu chumbani, na mmoja ni mimi. Sikuthubutu kusema kitu mbele yake. Nimekuja mbio mpaka nyumbani, nimefunga mlango, nimeandika barua na kumpa mke wangu ampelekee. Naiweka nakala hapa iwe ushahidi:

Mama, kwa heshima zote. Sitaki maelezo, sitaki kupimwa mapigo. Nataka jibu la moja kwa moja, jina moja tu: nani anachukua vitu vyangu pajani? Nilipate kabla ya kesho, Jumanne, saa nne kamili asubuhi.