Upepo wa Bure kwa Dume la Mzee Nyangwine

Jumatatu, 5 Mei
Dume la ng'ombe la Mzee Nyangwine limevunjika mguu, likachinjwa. Kijiji kizima cha Itiryo kimekula nyama. Mzee hakugusa hata mfupa. Ametangaza kwamba atakayemchongea sanamu ya dume lake, ndogo ya kukaa juu ya kabati, inayofanana hadi rangi, atapewa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Uamuzi ni Jumapili baada ya ibada.

Mtamba! Ndiye pekee anayekosekana kwenye mahari ya mchumba wangu Modesta. Baba yake, Mzee Nikolaus, amesema mwezi ukiisha bila mtamba atawasikiliza watu wa kijiji cha Nyansurura. Wana kijana, na zizi limejaa.

Mpinzani ni mmoja, Sadock. Anachonga vizuri kuliko mimi. (Siandiki hili tena.) Lakini dume lilikuwa la kijivu kilichofifia taratibu hadi weupe wa tumbo. Brashi haiwezi hiyo kazi. Mimi nina kibunduki cha kupulizia rangi, chembamba kama kalamu. Kimepungukiwa kitu kimoja tu. Upepo.

Jumanne, 6 Mei
Nimeenda Sirari mjini kuangalia kompresa, mashine ya kusukuma upepo. Rose muuza vifaa akanionyesha ndogo yenye tangi lake na chujio. Akasema hii iko sawa kabisa kwa sanamu, haipigi kelele, na chujio ndilo la maana kwa sababu linazuia maji na mafuta yasiingie kwenye rangi. Nikauliza bei. Mbuzi wangu wawili, wote! Niuze mbuzi ninunue upepo? Itiryo upepo unapita bure, unang'oa hata mabati!

Mlangoni nikapishana na Sadock anaingia. Nikamwambia kompresa zimeisha, arudi tu nyumbani. Akanishukuru. Akaingia.

Jumatano, 7 Mei
Binamu yangu Steven ana kipampu cha kujazia matairi kinachotumia betri ya bodaboda. Nikamwambia naazima kidogo. Kikaanza. Kelele! Kisha upepo ukaja kwa kwikwi, na kibunduki kikatema mate badala ya kupulizia. Dume langu la mti limetoka na madoa kama kanga. Kipampu kikapata moto, kikanyamaza. Betri nayo ikaisha.

Steven amesukuma pikipiki kupanda kilima chote, abiria akitembea pembeni na kumshauri. Maneno aliyonipigia simu kuniambia ni ya Kikurya, na hayaandikiki.

Alhamisi, 8 Mei
Kompresa kubwa ya petroli ya Nelson, fundi pancha wa njia panda. Ile ndiyo kompresa! Nikaomba upepo wa dakika moja. Akauliza wa nguvu kiasi gani. Mimi, kwa kujiamini, nikasema afungue tu.

Akafungua. Rangi ilienda kwa Nelson. Pembe moja nimeiokota barabarani. Sikio limerukia kwa Bernadetha, anayekaanga mandazi ng'ambo. Halijapatikana. Baadaye mteja mmoja alilalamika kwamba andazi lake lina mfupa. Mimi nikaenda kuchonga sikio jingine.

Ijumaa, 9 Mei
Akili imerudi! Video moja kwenye simu inasema kompresa bora kuliko zote ni ya friji bovu. Haina kelele na inasukuma upepo vizuri. Na nani ana friji bovu? Mama mkwe! Nimepita dukani kwake, friji lake la soda limenyamaza kabisa.

Kwetu mkwe haingii kwa mama mkwe wala hamtazami usoni. Kwa hiyo nikasimama nje, mgongo mlangoni, nikatangaza kwamba nimekuja kutengeneza friji bure. Akajibu kutoka ndani kitu kuhusu umeme. Sikusikia vizuri, na mkwe mwenye adabu haulizi mara mbili. Vijana wakanitolea friji hadi uani. Naye, kwa adabu ileile, hakuchungulia. Nikafungua nyuma, nikakata kompresa, nikafunga. Gesi ikalia fyuuu. Nikaondoka na kompresa kikapuni, nikisifiwa hadi barabarani. Mila zetu ni nzuri sana.

Jumamosi, 10 Mei
Umeme umerudi baada ya siku mbili. Kompresa inafanya kazi! Kimya! Upepo laini! Kijivu kimefifia hadi weupe vilevile nilivyotaka, na dume linang'aa kama limetoka mtoni.

Kisha nikajiuliza: kama kompresa ni nzima, friji lilikuwa na shida gani? Swali hilo nimeliahirisha.

Jioni dume bado linang'aa. Nimeligusa. Bichi. Kidole kinanuka mafuta ya mashine. Nadhani ni baridi tu.

Jumapili, 11 Mei
Sanamu mbili mezani nje ya kanisa. Ya Sadock kijivu safi, kikavu. Alinunua ile kompresa ndogo ya Rose. Mzee Nyangwine akaja kwenye yangu kwanza. Akasema, mura, kijana wangu, hili ndilo lenyewe! Akalipapasa kuanzia nundu hadi mkia, kama alivyokuwa akilipapasa jioni zizini. Machozi yakamtoka. Akayafuta kwa mkono uleule.

Mzee mwenye masharubu ya kijivu, mashavu ya kijivu na shati jeupe lenye vidole vitano. Kanisa zima lilicheka. Mtamba kaenda kwa Sadock, ambaye alinifuata kunishukuru tena.

Halafu wote wakaenda kwa mama mkwe kunywa soda. Soda ya moto kama chai! Mzee Nikolaus akalifungua friji kwa nyuma mwenyewe. Hakupiga kelele. Akasema tu kwamba sasa anasubiri mtamba na friji, na mwezi ni uleule. Modesta, aliyekuwa akicheka tangu kanisani, akaacha kucheka. Akanitazama, akaingia ndani. Niliumia. Nampenda Modesta, na hilo ndilo jambo pekee ninaloandika humu bila mbwembwe.

Jumatatu, 12 Mei
Sijalala, nimefikiri. Kosa nimeliona. Friji lile lilikuwa dogo mno!

Mzee Nyangwine ana dume la pili, na asubuhi nimelisikia likikohoa. Lazima nijiandae mapema. Padri ana friza kubwa pale parokiani, la kuwekea nyama ya wageni. Nimepita sasa hivi. Limenyamaza kabisa, maskini. Umeme umekatika Itiryo nzima tangu alfajiri, lakini hayo ni mambo mawili tofauti. Naenda kumpa shikamoo na kumwambia nitamtengenezea bure.