Maikrofoni Yenye Masikio Mawili

Jumatatu, 3 Juni
Naapa kuandika humu kila kitu, hata yanayoniaibisha. Naanza na baya zaidi. Nimemwambia mama kwenye simu kwamba mimi ndiye nitakayeimba peke yangu katika wimbo wa shule utakaopigwa redioni. Si kweli. Atakayeimba ni Filimbi, ambaye hata akipiga chafya mwalimu wa kwaya husifu noti. Mimi nitasimama nyuma ya mwalimu nimshikie karatasi. Ameniomba, kwa upole kabisa, nisifungue mdomo.

Mama anafanya kazi mbali. Hajanisikia nikiimba tangu Januari. Amewatangazia wenzake wote! Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imebakiza siku nne: tunarekodi Ijumaa.

Jumanne, 4 Juni
Matumaini! Tutarekodi kwa maikrofoni kuukuu ya mjomba, fundi wa redio. Ilikuwa inakwaruza, kwa hiyo leo ameifungua mbele yangu. Alijifunga leso mdomoni kama daktari wa upasuaji, akaniambia nisipumue. Nikatii. Nilipoanza kuona nyota akashtuka: wewe mtoto, alimaanisha nisiipumulie kapsuli!

Kapsuli ndiyo sikio lake. Ni kiduara kama kifuniko cha chupa. Juu kuna utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, umepakwa dhahabu, umewambwa kama ngoma na kubanwa kwa pete yenye skrubu ndogondogo. Chini yake kuna bamba la shaba lililojaa vitundu. Kati ya utando na bamba kuna pengo ambalo hata unywele haupiti. Mtu akiimba, utando unatikisika, pengo linapungua na kuongezeka, na umeme uliomo unafuata sauti. Vumbi na unyevu wa pumzi vikiingia humo, basi, ni mikwaruzo tu.

Kisha akaigeuza. Upande wa pili kuna utando mwingine!

Nikauliza, kama mtu asiye na shida yoyote, iwapo inasikia na nyuma. Akasema inategemea swichi. Kwenye alama ya moyo inasikia mbele tu. Kwenye nane, mbele na nyuma sawasawa. Ya tatu, duara, hakuieleza, maana bibi alituita tukale.

Nyuma ya maikrofoni! Mahali nilipopangwa mimi na mwalimu!

Jumatano, 5 Juni
Nimefanya mazoezi chumbani. Bibi akagonga ukuta akauliza nani kamfungia mbuzi ndani.

Shuleni Filimbi alikuwa akinywa maji ya uvuguvugu kwa madaha. Akaniambia, shika karatasi vizuri, mwenzangu, zisije zikachakarika. Nikamjibu asiwe na wasiwasi. Nikatabasamu. Hajui lililo nyuma ya maikrofoni.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeapa kuandika kila kitu. Haya.

Mjomba aliweka swichi kwenye moyo, akaenda kuvuta waya. Nikaipeleka kwenye nane. Kidole kimoja tu! Filimbi akasimama mbele, kwaya nyuma yake. Upande wa pili wa maikrofoni, mwalimu na mimi. Nikasali kidogo, kama nilivyofundishwa kabla ya kazi yoyote, kisha nikaimba kwa sauti ya chini, mwalimu asisikie. Hakusikia.

Tukaenda kusikiliza ofisini kwa mwalimu mkuu, kwaya nzima. Filimbi akaanza, tamu kama asali. Halafu, wazi kuliko kengele, sauti yangu: Ee Mungu, Filimbi akohoe kidogo tu, mara moja, amina. Halafu tumbo langu likiunguruma. Halafu mimi nikiimba, ubeti mmoja mbele ya wenzangu. Halafu mwalimu wa kwaya akinong'ona huku ameuma meno: polepole, mizigo nyie!

Mwalimu mkuu akauliza mizigo ni akina nani. Mwalimu wa kwaya akachunguza dari. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Mjomba akaitazama swichi, kisha akanitazama mimi. Aliomba radhi kana kwamba kosa ni lake, na Jumatatu atarudi kurekodi upya. Mchuma janga hula na wa kwao. Hapo ndipo nilipolia.

Filimbi alinifuata mlangoni. Nilidhani atanipiga. Akasema alikohoa kweli, ila walipokwisha kuzima. Dua yangu ilichelewa. Akacheka mpaka akapata kwikwi.

Jumamosi, 8 Juni
Jumatatu nitakaa stoo, mlango ukiwa umefungwa. Ni amri ya mwalimu mkuu. Stoo ina ngazi ya kupandia darini.

Mama alipiga simu leo. Nilikuwa tayari kabisa kusema ukweli. Nikasema, mama, kuna jambo. Akaniambia nisubiri kwanza: mwenzake mmoja ameleta redio kubwa zaidi, na wamebadilishana zamu ili wote wawepo. Halafu akauliza ni jambo gani.

Nikamwambia hatapata shida kuitambua sauti yangu.

Nimemwandikia mjomba barua, nimeitia kwenye kisanduku chake cha bisibisi:

Shikamoo mjomba. Nisamehe, kwa moyo wangu wote. Sitaigusa tena swichi yako. Ukipenda, iweke wewe mwenyewe kwenye duara. Nina swali moja tu, la kimasomo, na naomba unijibu kabla ya Jumatatu asubuhi: kwenye duara, maikrofoni inamsikia mtu aliye darini?