Kompaila Mpya na Mitihani ya Mke Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, kapita tena kujigamba. Kompyuta yake, ya mfumo wa Linux kama yangu, ina kompaila mpya. Yangu, kasema, ni ya kizee. Na kacheka! Mke wangu akauliza kompaila ni mdudu gani. Nikamweleza: ndiyo inayogeuza maandishi ya fundi yakawa programu. Akasema mitihani ya jiografia aliyowatungia wanafunzi wake imo kwenye kompyuta hiyo hiyo, nisiguse kitu. Nikakubali. Kwa mdomo.

Jumanne, 5 Machi
Nimeanza alipokwenda kufundisha. Mpango safi: ng'oa kompaila ya zamani, jenga mpya. Kompyuta ikataja programu nyingine chungu nzima zitakazoondoka nayo, ikauliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo bila kusoma. Kumbe mpya hujengwa kwa ile ya zamani! Nani alitunga upuuzi huu? Nikazima, nikawasha. Kioo cheusi. Kijistari cheupe kinapepesa pembeni, basi. Jasho likanitoka hadi kwenye visigino.

Jumatano, 6 Machi
Mke kasema kesho anachapisha, darasa zima linamngoja. Nimeifunika kompyuta kwa shuka. Nikamwambia naikinga na vumbi. Akanitazama sana. Kila akiisogelea meza, namkinga njia. Nimechomoa nyaya, nimezirudisha, nimeomba dua. Wapi! Afadhali nife kuliko kumpigia shemeji.
Nimempigia.

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji kaja na flashi yenye mfumo wa kuwashia kompyuta, anapiga mluzi. Nikamsihi kwa kunong'ona asimwambie dada yake. Dada yake alikuwa nyuma yangu. Akavuta shuka.
"Mitihani yangu iko wapi?"
Hakupaza sauti. Hapo ndipo nilipoogopa kikweli. Shemeji akaiwasha kwa flashi, akachungulia diski muda mrefu, mluzi umekatika. Halafu akasema yote imo. Nikakaa sakafuni. Mke akachapisha, akaondoka. Hakuniaga.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji karejesha kila kitu. Mke kaweka nywila mpya, siambiwi. Haki yake. Nimekoma, nimekoma kabisa.
Jioni mama mkwe kapiga simu. Kompyuta yake inajikokota. Nikamwambia mama asimsumbue mwanawe, kesho nafika mwenyewe. Kasema picha zote za marehemu baba mkwe zimo humo. Nimemtuliza. Safari hii nitaanza kwa kubadilisha kiini cha mfumo, moyo wa kompyuta nzima.