Kiatu Changu Kiko Mlangoni mwa Gredi ya Pili

Leo nimejivunjia heshima mwenyewe, asubuhi kweupe, mbele ya shule nzima. Hakuna aliyenisukuma. Nilienda na viatu viwili, nikarudi na kimoja.

(Wale mnaonijua, ndiyo, ni huu mdomo wangu tena. Tulieni.)

Msichana wangu Akinyi ana miaka minane na miguu yake haina nguvu. Ana kiti cha magurudumu tulichokifuata Homa Bay, na anakiendesha vibaya kama mtu wa bodaboda. Shida si kiti. Shida ni ngazi tatu mlangoni mwa Gredi ya Pili, hapa Rongo. Tangu Januari nampandisha mgongoni asubuhi, nakimbia sokoni kushona, saa nne naacha cherehani nakuja kumshusha aende choo, nampandisha tena. Tangu Januari naomba watengeneze njia ya mteremko, kiti kipite. Tangu Januari naambiwa, "Mama Akinyi, tunashughulikia."

Mwenyewe halalamiki. Lakini wiki jana nikimsuka akaniambia, "Mama, nataka siku moja nichelewe."

"Uchelewe wapi?"

"Shule. Wengine wakichelewa mwalimu anawafokea. Mimi nikichelewa anakuangalia wewe."

Ule mstari mmoja wa nywele niliusuka mara tatu. Macho hayakuwa yanaona vizuri.

Sasa leo, Jumatatu. Tumefika getini, mlinzi wetu Mzee Onyango akasimama mbele ya kiti. "Mama Akinyi, leo Akinyi haingii darasa lake. Mwalimu mkuu amesema..."

Sikungoja amesema nini. Mimi nikishasikia "haingii", masikio yanajifunga kama duka la Msabato Ijumaa jua likishuka.

"Mama," Akinyi akaniita.

"Nyamaza, nyathina, mwanangu. Leo nasema mimi."

"Lakini Mama, pale mlangoni..."

"Nimesema nyamaza."

Nikamwacha na mzee, nikakata uwanja. Watoto walikuwa paredi, mwalimu mkuu mbele yao anasoma matangazo. Nikawapita bila salamu. Nikafika mlangoni, nikaona maajabu. Mlango umefungwa. Na mbele yake, kutoka kizingiti mpaka chini, mtu amemwaga majani makavu ya miwa. Rundo zima. Ngazi hazionekani hata.

(Hapa kwetu miwa iko kila upande, na majani yake tunayatumia kwa kila kitu. Hilo la "kila kitu" ndilo ningelikumbuka.)

Nikageukia paredi.

"Madam, samahani kwa kukatiza. Lakini leo mtaniambia. Kumbe mtoto wangu ni takataka? Mmefunga darasa lake, mkageuza mlango wake jaa?"

Paredi yote ikanigeukia. Nikaona utamu.

"Mimi niliishia Form Four, lakini najua mlango ni wa kupitwa. Na leo nitawaonyesha unapitwaje."

Mwalimu mkuu akainua mkono. "Mama Akinyi, tafadhali, usi..."

"Usiniambie usi!"

Kutoka getini nikasikia sauti nyembamba, "Mamaaa!" Nilidhani ananishangilia. Nikaongeza nguvu.

Nikapanda. Chini ya majani kulikuwa na karatasi za mifuko. Chini ya karatasi kulikuwa na uji. Mguu wa kushoto ukazama mpaka kifundo, wa kulia ukamfuata mwenzake.

Saruji. Jumamosi walijaza mawe juu ya zile ngazi, leo alfajiri wakamwaga saruji, wakaifunika na majani ya miwa ili jua lisiipasue. Kila mtu aliyewahi kujenga hapa anafanya hivyo. Hata baba yangu alifanya hivyo. Na mimi nimesimama katikati ya njia ya mteremko niliyoililia tangu Januari, kidole bado kiko juu, nakoroga.

Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Shule nzima imebana kicheko kama mtu anavyobana kikohozi kanisani.

Kisha nyuma ya darasa akatokea fundi, mzee tunayemwita Jaduong', mwiko mkononi. Anatembea polepole kwa mguu wa bandia, wake aliupoteza kwenye mashimo ya dhahabu kule Masara. Akaniangalia usoni. Akaangalia miguu.

"Nyar Rodi," akasema (ananiita hivyo kwa sababu nimezaliwa Rodi Kopany), "mimi mguu wangu ulibaki Masara kwa ajali. Wewe, yawa, unauacha Rongo kwa hiari?"

Hapo paredi ikalipuka. Mwalimu mkuu mwenyewe alijificha nyuma ya karatasi ya matangazo, mabega yanatikisika.

Nikavuta. Mguu wa kulia ukatoka na kiatu. Wa kushoto ukatoka peke yake. Fundi akachokoa na mwiko, akaacha.

"Kimeingia katikati ya mawe. Nikikifukua nitaharibu yote. Wacha kilale. Plastiki haiozi."

Mwalimu mkuu akaja. Nilijua nafukuzwa. Akasema kwa sauti ya chini, "Tulitaka kukushtua kidogo, lakini si hivi." Kumbe Ijumaa fundi alipima kiti cha Akinyi, akamwuliza yeye mwenyewe mteremko uwe wa kiasi gani mikono yake iweze. Kumbe Gredi ya Pili yote inasomea chumba kingine mpaka saruji ikauke. "Ningekuambia mapema," akasema, "lakini Akinyi alikataa."

Mzee Onyango alikuwa amemsukuma Akinyi mpaka pale.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia?"

"Ungekuja kuwasimamia, Mama." Akaangalia mguu wangu mtupu. "Na leo nilitaka kukuambia. Ukasema ninyamaze."

Jamani. Saruji haikuwa kitu. Miezi yote hii nagombana na kila ofisi kwamba hakuna anayemsikiliza mtoto huyu, halafu asubuhi moja mimi mamake nimemnyamazisha mara mbili, na yeye ndiye aliyekuwa anajua.

Nikachuchumaa mbele ya kiti. "Nisamehe, nyathina."

Akanipangusa shavu na mkono wa sweta. "Una saruji mpaka usoni," akasema.

Fundi hakutupa nafasi ya kulia. Akanipa koleo. "Aliyeharibu anachanganya."

Basi nikachanganya saruji, mguu mmoja mtupu, na sketi niliyovaa maalum kwa kugombana. Akinyi akageuka msimamizi.

"Mama, maji yamezidi."

Fundi akachungulia. Kweli yalikuwa yamezidi. Akaongeza mchanga, akamwambia, "Wewe ukimaliza shule njoo tufanye kazi."

"Lakini miguu yangu haifanyi."

"Kwani wangu unafanya? Hii kazi ni macho."

Akinyi akakaa wima kwenye kile kiti kama mtu ameajiriwa tayari.

Tumelainisha juu, tumefunika tena na majani. Mzee Onyango ataimwagilia maji kila asubuhi, na haikanyagwi siku saba. (Alinitazama mimi alipoambiwa hivyo.)

"Halafu napanda mwenyewe?" Akinyi akauliza.

"Mwenyewe."

"Na Mama anabaki getini?"

Wote wakaniangalia. Nikasema nitabaki.

"Sawa," akasema. "Basi hiyo siku nitachelewa. Na nitapita juu ya kiatu chako."

Kwa hivyo Jumatatu ijayo mtanipata getini, mikono nyuma, mdomo umefungwa, nasikiliza kama mtoto wangu anafokewa. Mkipita msinicheke, nitakuwa kazini. Na mkiona majani ya miwa mahali yametandazwa, zungukeni.