Mkaguzi wa Pili na Chupa Zilizozibwa

Jumatatu, 3 Juni
Mjukuu wangu analia. Utafiti wake unahusu jinsi hewa inavyochachisha mafuta ya mbegu. Miezi mitatu ya kazi! Jarida limewapa wakaguzi wawili wausome, majina yamefichwa. Wa kwanza kaupitisha. Wa pili anauliza kwa nini hata mafuta ya chupa zilizozibwa yamechacha. Asipojibiwa kufikia Ijumaa, nafasi ya kufundisha chuoni anapewa mwingine.
Mimi niliishia darasa la nne, lakini fitina naijua. Anayeficha jina ana kisa. Nitamtafuta.

Jumanne, 4 Juni
Nimempata! Jirani, mwalimu mstaafu wa kemia. Ana kiburi, na aliwahi kusema chai yangu nyepesi. Nimempelekea keki, nikamwambia aache kumwonea mtoto wa watu. Akaapa hajui lolote. Akala keki yote! Kisha, mdomo umejaa, akauliza chupa ziliwekwa wapi. Nikasema kabatini mwangu jikoni, maabara ina joto kama tanuri. Akauliza nani huingia jikoni.
Nikachukua sahani yangu nikaondoka.

Jumatano, 5 Juni
Sijalala vizuri. Kila Jumapili nilizifungua, nikanusa. Mtu atajuaje kitu kimechacha bila kunusa? Na nilizifunga vizuri sana.
Nimemwambia mjukuu ni panya. Akasema, Bibi, panya gani anafungua kifuniko halafu anakirudisha? Nikamjibu panya wa siku hizi wamesoma.
Hakucheka.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekiri. Kwa ukali, ili aone kosa ni lake: kwa nini hakuandika zisifunguliwe? Akanionyesha. Kaandika, wino mwekundu, kila chupa. Nilidhani anawaambia watu baki.
Akauliza nilifungua mara ngapi. Nikamsomea shajara yangu: Jumapili kumi na mbili, na harufu ya kila chupa. Akaanza kunakili. Anasema hewa iliingia kila nilipofungua, na atamwandikia mkaguzi ukweli wote. Wote! Nikamsihi aseme panya. Kagoma.

Jumatatu, 17 Juni
Umepita! Mkaguzi wa pili kasema hajawahi kupata jibu nyoofu kama hilo. Nafasi ni ya mjukuu wangu. Mwisho wa utafiti kanishukuru, kwa herufi ndogo za kutia aibu. Nitawaandikia wenye jarida wazikuze.
Ameanza utafiti mwingine. Chupa kazifunga kwa gundi, kaziweka chumbani kwake. Hataki mtu aingie.
Nimejaribu. Gundi ile inalainika kwa mvuke wa birika.